Tusome masharti ya usafirishaji kabla ya kulipa

Mhariri,

Wafanyabiashara wengi wa Kigoma tunapoagiza mashine ughaibuni hukimbilia bei ya CIF Dar es Salaam (yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandari hiyo) tukidhani muuzaji amebeba kila kitu, ilhali kwa masharti hayo, kama yalivyo katika toleo la 2020 la Incoterms, kanuni za kimataifa za masharti ya uuzaji, hatari ya mzigo humwangukia mnunuzi tangu unapopakiwa melini, na bima anayolazimika kukata muuzaji ni ya kiwango cha chini kabisa. Mimi nilipokea pampu mbili zilizopasuka. Bima haikulipa, na tozo za bandari pamoja na nauli ya reli hadi huku zilibaki juu yangu. Sasa naomba pia bei ya FOB (bidhaa ikishapakiwa melini tu, bila nauli wala bima), natafuta meli na bima mwenyewe, ndipo nalinganisha. Wanaovusha mizigo kwenda Bujumbura nao waandike bayana nani analipia upakiaji gatini.

Mfanyabiashara,
Kigoma