Kaka, hiyo bastola subiri kwanza

Shikamoo kaka, mi mzima huku Houston. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, poleni sana aisee kwa kuvamiwa na hao vibaka, heri wamebeba hela za uwakala na simu tu wakasepa. Ila uliposema umeanza kufuatilia kibali cha bastola nikaona niandike kabisa maana mi ndo naishi nazo.

Texas tangu Septemba 2021 ukishafika miaka 21 na huna makosa mazito unaivaa kiunoni bila kibali chochote, ukiwauliza wanakwambia haki ya katiba hiyo, iko tangu 1791, na hawatanii. Juzi jioni nimepeleka mzigo mzee akafungua mlango bastola iko kiunoni, anasaini kwenye simu yangu huku anacheka, ananiuliza we mtu wa wapi, mi macho yote mkandani kwake. Siku hizi nikibonyeza kengele narudi hatua tatu nasimama kwenye taa mikono nje. Yeye ana uhuru wake, jasho linanitoka mimi.

Sio kwamba wajinga lakini. Jirani yangu bibi mmoja anaishi peke yake ananiambia polisi wakija mwizi kashalala kwake, nikakosa la kumjibu, si ndo kilio chenu hapo Tabata? Ila sasa Uvalde, humuhumu Texas, 2022, dogo wa miaka 18 kanunua bunduki kihalali kabisa kaenda shule ya msingi kaua watoto 19 na walimu wawili, na polisi kibao na silaha zao wamejazana korido zaidi ya saa nzima ndo wakaingia. Mi hapo ndo nilipoacha kuamini kwamba ukiwa nayo tu umepona.

Najua hapo utazungushwa, mara mtaa, mara polisi, utatukana. Wacha wakuzungushe. Wale vibaka sita na mapanga saa nane usiku we umelala, si wataondoka na bastola yenyewe? Na Junia anayefukua mpaka sanduku la bi mkubwa kutafuta biskuti, utaificha wapi?

Hela hiyo weka grili la maana, na floti usilale nayo dukani. Ijumaa nikilipwa natuma ya taa na kamera. Msalimie shem, bi mkubwa mwambie dawa zake kuna mtu anakuja nazo mwezi ujao.