Nargis hakuwa kivuli cha Raj Kapoor

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala yenu ya wiki iliyopita juu ya Nargis, mwigizaji wa picha za Kihindi. Nimeisoma mara mbili. Ina aya saba, na tano ni za Raj Kapoor, mwigizaji na mtengenezaji wa picha aliyecheza naye: walivyopendana, mke aliyekuwa nyumbani, walivyoachana. Nargis mwenyewe yuko wapi?

Alizaliwa Calcutta tarehe 1 Juni 1929, akaitwa Fatima Rashid. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji, mtunzi wa muziki na mtengenezaji wa picha, wakati ambapo wanawake wa kazi hiyo walikuwa wa kuhesabu. Mwaka 1935 mtoto alikwisha kusimama mbele ya kamera. Mwaka 1943 mwongozaji Mehboob Khan alimfanya steringi wa picha ya Taqdeer, naye ana miaka 14 tu. Kwa hiyo Raj Kapoor hakumwokota barabarani. Tena itazameni nembo ya RK, kampuni ya picha ya Raj Kapoor, iliyochukuliwa kwenye picha yao ya Barsaat ya 1949: kijana ana fidla mkono mmoja, na mkono wa pili umembeba mwanamke. Herufi mbili ni za Raj. Mwanamke ni Nargis.

Marehemu mama yangu aliiona picha ya Awaara pale sinema ya Majestic, Vuga, katika onyesho la zanana, wanawake watupu. Wimbo wake aliuimba mpaka uzeeni, na Kihindi hakijui. Lakini alichokuwa akitusimulia hasa ni Rita, aliyechezwa na Nargis, wakili aliyevaa joho jeusi, aliyesimama mahakamani kumtetea mshitakiwa na kumbana kwa maswali jaji yule yule aliyemlea. Mama hajapata kumwona wakili mwanamke. Alisema walipotoka ukumbini walikaa kimya hadi Mkunazini, ndipo mmoja wao akauliza kama kweli jambo hilo lawezekana. Picha hiyo ilitoka 1951, Nargis akiwa na miaka 22. Katika makala yenu, Rita hayumo kabisa.

Picha ya Mother India mmeipa mstari mmoja! Mwaka 1957, hajafika hata miaka 30, Nargis alimcheza Radha tangu siku ya harusi hadi kuwa bibi kizee mwenye mvi, aliyelima kwa plau juu ya mabega yake mwenyewe, kisha akampiga risasi mwanawe ili kulinda heshima ya binti wa kijiji. Mwana huyo alichezwa na Sunil Dutt, aliyezaliwa siku tano tu baada yake. Moto ulipomzunguka Nargis wakati wa kupiga picha, Dutt ndiye aliyeingia kumtoa, na mwaka 1958 wakaoana. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary, Chekoslovakia, na picha yenyewe ikawa ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania Oscar.

Baada ya ndoa alipunguza kuigiza, ila picha ya Raat Aur Din ya 1967 ilimpatia tuzo ya taifa. Akafanya kazi na watoto wenye ulemavu, na 1980 akaingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India. Huko alimshutumu mwongozaji wa picha Satyajit Ray kwamba anauza umaskini wa India nje. Hapo mimi sikubaliani naye, maana Radha na plau lake alikuwa maskini kuliko wengi wa Ray. Lakini hayo yalikuwa maoni yake, aliyasema waziwazi, na msomaji alistahili kuyasikia.

Saratani ilimchukua tarehe 3 Mei 1981, siku chache kabla ya kuonyeshwa picha ya kwanza ya mwanawe, Sanjay.

Mliweka picha ya wapenzi wawili chini ya mwavuli. Ni nzuri, siikatai. Mtakapomwandika tena, nawaomba mtuwekee ile ya Rita ndani ya joho.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Unguja