Mheshimiwa Waziri, Anza na Mpira wa Mkojo

Kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa, salaam. Bajeti ikijadiliwa, mashine ndizo huvuta macho. Sisi wauguzi na wataalamu wa viungo tunaohudumia walioumia uti wa mgongo tunakuomba uanze na mipira ya mkojo, yaani mirija ya kutolea mkojo kibofuni.

Mgema aliyeanguka mnazini, au kijana wa bodaboda, akishatoka wodini huwa hatarini zaidi kwa figo na vidonda kuliko kwa ule mfupa uliovunjika. Kibofu kisichopata amri ya ubongo hujaa kimya kimya, mkojo ukapanda kwenye figo au ukabaki chini ukioza. Dawa yake ni kuutoa kila baada ya saa nne hadi sita, usizidi mililita 500 kwa mara moja. Mtu mzima hutumia mpira mwembamba, namba 12 au 14, wa kuingiza na kutoa. Mara tano kwa siku ni mipira 150 kwa mwezi, ikiwa kila mmoja utatumika mara moja tu. Na hakuhitajiki chumba cha upasuaji: Daktari Jack Lapides wa Michigan alionyesha mwaka 1972 kwamba mikono na mpira vikiwa safi, inatosha.

Mipira hiyo ikikosekana, mgonjwa hurudi nyumbani na ule wa kudumu, wenye puto na mfuko, bila kuambiwa siku ya kuubadilisha. Mashapo yanauziba. Mfuko unatundikwa juu kuliko kitanda, mkojo wa jana unarudi kibofuni. Halafu mwenyewe anapunguza maji ya kunywa ili asijilowe, na kwa joto la kaskazi hapa kwetu, hayo ni mawe ya kibofu yanaalikwa.

Mpira ulioziba huleta pia dharura ambayo kila chumba cha dharura cha kaunti yako kinapaswa kuijua. Aliyeumia uti kwenye pingili ya sita ya mgongo, usawa wa kifua, au juu yake huwa na presha ya chini siku zote, namba ya juu ikiwa 100 au hata 90. Kibofu kikijaa, presha inapaa ghafla. Kichwa kinagonga, uso na shingo vinatoka jasho. Kipimo kikisoma 150, nesi asiyefundishwa ataona si presha ya kutisha, atamlaza chali apumzike. Kumlaza huko kunaipandisha zaidi, na mwisho wake unaweza kuwa kiharusi.

Akalishwe wima, miguu ining'inie, mkanda na nguo za kubana zilegezwe. Kisha mpira ufuatwe kwa mkono toka mfukoni hadi mwilini: umejikunja? Ameulalia? Ukiwa umeziba, usafishwe taratibu kwa mililita 10 hadi 15 za maji safi ya chumvi ya hospitali. Yasiporudi, ubadilishwe papo hapo. Asiye na mpira awekewe, kwa jeli ya ganzi. Kibofu kikishakuwa kitupu na presha bado iko juu, mtuhumiwa wa pili ni choo kilichokwama tumboni. Dawa ya kushusha presha haraka hutolewa ikibaki juu ya 150, na kipimo kirudiwe kila dakika chache. Ukurasa mmoja ukutani unayabeba haya yote.

Utafiti haujalala. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha kifaa cha kupitisha umeme juu ya ngozi ya shingo ili kuongeza nguvu ya mikono kwa baadhi ya waliopooza. Ni habari njema, lakini hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuotesha upya uti uliokatika, na anayeahidi hivyo kwa sindano anauza maneno. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo chake cha walioumia uti wa mgongo hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, hakuwa na dawa hiyo pia. Alikuwa na ratiba: mgonjwa kugeuzwa kila saa mbili, usiku na mchana.

Ratiba hiyo bado ndiyo kinga ya vidonda kwa aliye kitandani. Kwa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu, tazama sponji ya kukalia. Ingiza kiganja chini yake, penye mfupa wa kalio. Ukiuhisi mfupa karibu, pasipobaki hata sentimita mbili na nusu za sponji, hiyo imekufa, ngozi itafuata. Viti hutolewa kwa sherehe na picha, sponji za kubadilisha hazitajwi.

Mipira na sponji, Mheshimiwa, viwekwe kwenye zahanati, visibaki hospitali kuu pekee. Anayeishi Likoni huvifuata kisiwani kwa feri, na maji yakipwa, mteremko wa gatini unakuwa mkali kiasi cha kutaka watu wawili wakishike kiti chake.

Wauguzi na wataalamu wa viungo, Mombasa