Barua ya wazi kwa Msimamizi Mkuu wa wilaya yetu ya shule: tumeni koleji ile taarifa ya binti yangu

Mheshimiwa Msimamizi Mkuu,

Salamu nyingi. Kwetu barua haianzi na deni, ndiyo maana nakusalimu kwanza. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni binti yangu wa darasa la 11. Jumatatu jioni alifungua kompyuta ili atume insha yake ya kwanza ya Kiingereza 1301, somo la koleji analolichukua angali haiskuli, akakuta amefungiwa nje. Koleji imemfuta darasani kwa sababu hajalipa dola 412.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Barua zenu huja kwa Kiingereza na Kihispania, nami sisomi vizuri hata kimoja. Hiyo ya Jumatatu, ya koleji, alinisomea yeye mwenyewe. Mtoto alikaa mezani akamtafsiria baba yake barua inayomfukuza, na alipofika kwenye kiasi cha pesa akashusha sauti. Naambiwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 inawataka mzungumze na mzazi kwa lugha anayoielewa. Basi leo na wewe tafuta mtu wa kukusomea.

Naomba nikukumbushe mkutano wa Aprili, kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Ulisimama ukatueleza kwamba mtoto wa haiskuli anaweza kusoma masomo ya koleji ya jamii angali kwenu, krediti, yaani pointi za masomo aliyofaulu, zikahesabiwa huku na huku, na kwamba familia zenye kipato kidogo hazitalipa hata senti. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku ghalani, sijalala, lakini nilikupigia makofi nimesimama.

Sikuiti mwongo. Sheria ipo kweli. Bunge la Texas liliipitisha 2023, na mpango wenyewe unaitwa FAST. Mtoto anayestahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, mwaka huu au mwaka wowote kati ya minne iliyopita, anasoma madarasa hayo bure katika koleji iliyojiunga na mpango. Koleji yetu imejiunga. Kazi ya kuangalia nani anastahili, kisha kuiarifu koleji, sheria hiyo hiyo imeiweka mabegani mwa wilaya ya shule, yaani mabegani mwako.

Sasa koleji wanasema hawajapokea chochote kutoka kwenu. Konsela, yule mshauri wa wanafunzi shuleni kwenu, anasema alituma. Lini? Atanijulisha. Ofisi nyingine ikaniambia niende koleji. Tangu bili ilipokuja Agosti nimekwenda mara tatu, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, usingizi wangu wote ukaishia njiani. Wiki iliyopita nilisinzia juu ya foklifti. Bosi aliniona.

Mimi nakisia tu. Shuleni kwenu kila mtoto anakula bure bila kuulizwa kipato, basi labda hakuna aliyeona haja ya kuandika kwamba huyu wangu ni wa nyumba maskini. Au ile fomu ya kipato imepotea. Au konsela kazidiwa, maana kila nikienda kuna foleni mlangoni kwake. Lakini sisi tunapokea fudistempu, ule msaada wa chakula wa serikali, na mtoto wa nyumba ya fudistempu hahitaji fomu, jina lake shule inaletewa na jimbo. Umaskini wetu mnao kwenye kompyuta. Ndicho kitu pekee tulichonacho kwa wingi, Mheshimiwa, na hicho nacho eti hakionekani.

Nilitoka Kongo kijana, nikakaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka 17. Binti yangu alizaliwa pale. Kule ukikosa jina kwenye orodha ya mgao unarudi na gunia tupu, na mwenye orodha anakwambia njoo kesho. Sikutegemea kuikuta kesho ile ile hapa Houston.

Huyu mtoto alifika hapa ana miaka tisa, hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza. Mtihani wa TSI, ule wa kuruhusiwa kuingia, alianguka mara ya kwanza upande wa kuandika. Akarudi mezani jikoni. Nikitoka kazini alfajiri nilimkuta ameshaamka, na daftari lake limejaa maneno yaliyokatwa kwa wino mwekundu, wino wake mwenyewe. Mara ya pili alifaulu. Siku hiyo mama yake alipika sombe na samaki kana kwamba kuna harusi.

Akimaliza hiyo Kiingereza 1301 na kupata saa zake 3 za krediti, wilaya yako inamhesabu kwenye ripoti ya jimbo kwamba yuko tayari kwa chuo. Akifikisha saa 15 za masomo yanayokubalika, koleji nayo ina fedha zake kutoka jimboni. Kila mtu ana chake kwa mtoto huyu. Bili peke yake ndiyo imekuwa yangu.

Wapo wanaoniambia, lipa tu yaishe. Nilipe na nini? Kodi ya nyumba haijui FAST. Na nikilipa leo, muhula ujao mtaleta nyingine, na mwaka kesho kutwa mdogo wake anaingia darasa la 11.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuomba mengi, mkalimani, barua za Kiswahili, konsela wa pili, na hata neno la samahani. Nimeyaacha yote. Koleji wanasema ikipita siku ya 12 ya masomo, siku yao ya kuhesabu wanafunzi, hawatamrudisha muhula huu. Siku hiyo ni Jumatano ijayo. Tumeni ile taarifa. Kama mlishaituma, tumeni tena. Namba yake ya mwanafunzi konsela anayo.

Mkitaka karatasi yoyote kutoka kwangu, niko nyumbani kuanzia saa mbili asubuhi. Nikiwa nimelala, gongeni kwa nguvu.

Ni mimi,
Baba wa mwanafunzi wa darasa la 11