Nyumba ipo, wa kuikalia yuko kazini

Mhariri,

Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 linataja, miongoni mwa haki za binadamu, haki ya kuitafuta furaha. Nimeishi Ohio miaka kumi na moja sasa, na hilo neno "kuitafuta" ndilo linaloniuma.

Kwenye ghala ninakofanya kazi za usiku kuna mama mmoja wa makamo. Mapumziko yetu ni dakika 30. Kumi anakula ndani ya gari lake, ishirini anausinzilia usukani, simu iko mapajani imetegwa kengele. Kukicha anaunganisha kazi ya pili. Nyumba anayo, tena nzuri, ina kibaraza mbele. Aliniambia tangu ainunue hajawahi kukaa pale hata jioni moja.

Watu husema ni tamaa. Mimi nakataa. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, na kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Mwaka 2023 Daktari Mkuu wa Marekani, Vivek Murthy, alitoa tahadhari kwa taifa zima kuhusu upweke. Hali ikifika hapo, wa kulaumiwa si mama yule.

Ombi langu, Mhariri: mnapochapisha habari za vijana wetu "waliotoboa" Marekani, pamoja na picha za magari yao, waulizeni pia wanalala saa ngapi, na mara ya mwisho kubishiwa hodi na jirani ilikuwa lini.

Mfanyakazi wa ghalani,
Columbus, Ohio