Nakuomba uondoe sharti la sanamu

Rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, maana sisi ni watu wa simu za dakika mbili. Jambo hili nimejaribu kulisema kwa simu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kuuliza habari za watoto. Bora niandike.

Kwanza asante. Mchango wako wa kumkumbuka marehemu Mwalimu wetu wa shule ulifika mzima, na stakabadhi imo humu ndani. Ujumbe wa benki ulipoingia nilizihesabu sufuri mara tatu nikidhani macho yananicheza. Fedha zako peke yake ni zaidi ya nusu ya zote tulizokusanya tangu tuanze. Na ndiko shida ilikoanzia.

Unajua mwenyekiti wetu alivyopenda kuipanga ile orodha ya wachangiaji: aliyetoa kingi juu, aliyetoa kidogo chini. Siku jina lako lilipokaa kileleni, kapu likanyamaza. Siku 11 nzima hakuna aliyetuma chochote. Mwanzoni nililaumu mtandao. Nikaanza kuwapigia watu mmoja mmoja, wengi wakaniambia "nitaangalia mwisho wa mwezi," ile lugha tunayoijua. Ila yule mwenzetu aliyekaa dawati la nyuma karibu na dirisha hakuzunguka: "Kama mtu ameshatoa ile, hii yangu mnaitaka ya nini? Ya kununulia wino?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule niliipanga orodha upya kwa alfabeti, majina matupu bila kiasi. Kiasi kimo kwenye daftari la hesabu na mwanachama yeyote akitaka kulikagua namfungulia. Mwenyekiti alinuna kidogo. Ndani ya siku mbili walituma watu 6, akiwemo huyo wa dirishani.

Sasa tuje kwenye sharti lako. Uliandika kwamba fedha ni za sanamu ya Mwalimu, kichwa na mabega, mbele ya lango. Fedha iliyotolewa kwa sharti si yangu kuigeuzia kazi nyingine, hata kamati nzima ikinyoosha mikono. Lazima aliyeitoa aridhie, tena kwa maandishi. Ndiyo maana nakuandikia wewe na sikuwaachia wao wapige kura.

Sanamu tuliijaribu kwa moyo wote, amini. Mchongaji aliomba picha. Tukatafuta kila mahali, tukapata moja tu, ile ya darasa zima, na Mwalimu ameinamia pembeni uso uko kivulini mwa kofia. Yule bwana akafinyanga kielelezo cha udongo kwa kukisia. Ndugu yangu, tulichoonyeshwa ni jaji mstaafu mwenye meno yanayomuuma. Bintiye Mwalimu alikitazama kwa heshima, kisha akasema taratibu, "Mama hakupenda kupigwa picha." Basi. Kikao kikaishia hapo.

Halafu kuna mambo ya vitu vyenyewe. Shaba huibwa ikayeyushwa. Marumaru inapendeza siku ya uzinduzi, lakini mvua yenye asidi huila polepole mpaka pua na herufi zinalainika. Granaiti inavumilia zaidi, ila kuichonga ni ghali. Na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza nani ataiosha hiyo sanamu mwaka wa kumi.

Wengine walitaka tulipe karo ya mtoto mmoja kila mwaka, milele. Wazo zuri, nikakaa na kalamu. Ukitaka mfuko usiishe, unatoa kama asilimia 4 tu ya mtaji kwa mwaka na kinachobaki unakiacha kikimbizane na kupanda kwa bei. Maana yake mtaji lazima uwe mara 25 ya karo ya mwaka mmoja. Hatufiki, hata tukichukua ahadi zote kama fedha taslimu. Na ahadi, mweka hazina yeyote atakuambia, huwa hazifiki zote.

Lililobaki alilileta yule fundi mwashi wa darasa letu, ambaye hajawahi kusema neno kikaoni. Aliuliza: "Kile kipimamvua chake kiko wapi?"

Tulikwenda shuleni kutazama pale alipokuwa akitupimisha mvua. Nguzo ipo, chombo hakipo. Mti uliokuwa mche wakati wetu sasa umetanda juu ya pale mahali, kwa hiyo hata kingekuwepo kingepima matone ya majani. Kinatakiwa kikae mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho. Tumeshapata uwazi upande wa uwanja. Mwashi atajenga kitako na uzio bila malipo ya ufundi, na mwalimu wa jiografia wa sasa amekubali kwa mkono wake kwamba wanafunzi watasoma kila siku saa 3 asubuhi, kama sisi. Tunanunua kipimamvua kimoja kizuri na cha akiba, tunachapisha madaftari ya miaka 20, na tunatenga mtaji mdogo wa matengenezo. Akaunti ina watia saini 3, na fedha haitoki bila wawili.

Jiwe litakuwa dogo, chini, karibu na kitako. Jina lake, miaka yake, na maneno yake mwenyewe: "Sufuri nayo iandikwe." Mchongaji anatoza kwa herufi, na hizo ni 18 tu. Unamsikia akiyasema? Siku isiyonyesha ilikuwa lazima tuandike 0, kwa sababu nafasi tupu haimwambii mtu kama hapakuwa na mvua au hapakuwa na mpimaji. Nilikuwa mtoto, nikaona ni ukorofi tu. Leo nafanya kazi ya hesabu na sijapata bosi aliyenifundisha zaidi ya hapo.

Katika kikao hicho mmoja wetu alitaja habari za Albert Camus: mwaka 1957, muda mfupi baada ya kutangaziwa Tuzo ya Nobel, alimwandikia mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain, kumshukuru. Germain alikuwa hai, akaisoma. Kikao kizima kiliangalia sakafu. Sisi tulikuwa zaidi ya 40, na hakuna aliyewahi kumwandikia mama yule hata mstari. Labda ndiyo maana tulikimbilia sanamu kubwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Uandike mistari michache na kusaini kwamba unaondoa sharti. La pili ni gumu kidogo: niruhusu nikurudishie nusu. Bajeti mpya haiihitaji, na fedha isiyo na kazi huitafutia kamati kazi. Nimeshasikia mtu akitaja fulana za uzinduzi. Nusu itakayobaki itaingia kwenye mtaji wa matengenezo, na jina lako litakaa kwenye alfabeti mahali pake. Kama utakasirika, nikasirikie mimi. Mwenyekiti hajui kama nimekuandikia.

Tarehe bado tunabishana. Wapo wanaotaka 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani. Mimi nasema tungoje msimu wa mvua uanze, kuzindua kipimamvua juani ni kama kuzindua taa mchana. Nahitaji jibu lako kabla ya Jumamosi ijayo, kikao ni saa 10 jioni.

Jambo la mwisho. Bintiye alitukabidhi madaftari ya zamani, yamo ya mwaka wetu. Nimeupata ukurasa wako. Zamu yako, ile asubuhi uliyochelewa ukaandika milimita 12 kutoka kichwani na vumbi linapeperuka uwanjani. Mwalimu hakuifuta. Amepitisha mstari mmoja mwembamba juu ya 12, bado inasomeka vizuri kabisa, na pembeni ameandika kwa penseli: "haikupimwa." Nimeupiga picha, nimeuweka humu pamoja na stakabadhi.

Wako,
Mweka hazina asiyelala