Daftari la jumuiya libaki kabatini

Mhariri,

Nauza viazi sokoni Uyole, na Jumamosi alfajiri nasali jumuiya. Julai, baridi ilipokaza hadi maji ya ndoo yanauma vidole, jirani yetu alifiwa na mtoto. Hatujafunga hata vitenge, mmoja akauliza, "Michango yake ikoje?" Daftari likafunguliwa. Miezi saba hajatoa. Tukapeleka kanga mbili na sala fupi, tukageuka.

Nami niligeuka nao, sijitoi. Usiku nikakumbuka Luka 6:35, kukopesha bila kutumaini kulipwa, nikaona haya. Kulipokucha nikabeba nusu debe la viazi na mkaa kidogo. Nilimkuta anachemsha maji matupu. Hakuniuliza jana nilikimbilia wapi. Alinisogezea kigoda karibu na jiko.

Msamaria wa Luka 10 alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, tena akaahidi kuongeza. Hakuuliza majeruhi ni wa usharika gani.

Sisemi daftari lichomwe, maana jeneza hununuliwa kwa fedha. Ila viongozi wetu, siku ya msiba lifungieni kabatini.

Mama muuza viazi,
Uyole, Mbeya